Thomas Wakley: Mtu Aliyedai Daftari la Madaktari



Mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nadhani alitarajia nichague jemadari au mpigania uhuru. Nimemchagua daktari wa Kiingereza ambaye hakugundua dawa wala ugonjwa wowote, na ambaye kazi yenyewe ya kutibu hakuifanya kwa muda mrefu. Sababu yangu ni hii.

Nilipokuwa kidato cha pili nilirudi nyumbani likizo ya Desemba, nikamkuta mdogo wangu akichechemea. Alikuwa ameshikwa na homa, na mama akampeleka kwa bwana mmoja aliyekuwa akipita vijijini kwa baiskeli akiwa na mkoba wa sindano. Watu walimwita daktari, naye aliitika. Sindano ile ilichomwa pasipostahili ikaumiza mshipa wa fahamu, na mguu ule haujarudia hali yake hata leo. Baba alipokwenda kumtafuta, bwana yule alikwisha hama. Baba hakujua amwulize nani mtu yule alisomea wapi, nani alimruhusu, na anawajibika kwa nani.

Maswali hayo matatu ndiyo yaliyomla Thomas Wakley miaka 35 ya maisha yake.

KUZALIWA NA MASOMO

Wakley alizaliwa tarehe 11 Julai, 1795, katika kijiji cha Membury, jimbo la Devon, kusini magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima mwenye uwezo, na Thomas alikuwa mwana wa kiume wa mwisho katika familia ya watoto 11. Alikuwa kijana wa miraba minne, hodari wa ngumi, na mwenye hasira za karibu.

Siku hizo njia ya kawaida ya kuingia katika uganga ilikuwa kufungwa uanagenzi kwa muuza dawa. Wakley alianzia huko, katika mji wa Taunton. Mwaka 1815 alikwenda London kuendelea na masomo katika hospitali mbili zilizokuwa jirani, ya St Thomas na ya Guy. Mwaka 1817 alifaulu mtihani wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji.

Lakini katika hospitali hizo aliona mambo yaliyomchoma moyo. Nafasi za upasuaji katika hospitali kubwa za London hazikutolewa kwa kufaulu. Aghalabu zilikwenda kwa mtoto wa ndugu wa mkubwa, au kwa mwanagenzi ambaye wazazi wake walimlipa mkubwa huyo mamia ya pauni. Wakubwa hao hao ndio waliotoza ada za mihadhara, na ndio waliokaa katika baraza la chuo na kutahini. Mwanafunzi asiye na mjomba alibaki nje hata awe hodari namna gani. Na mgonjwa maskini aliyelazwa hospitalini hakuwa na njia ya kujua kama mtu aliyemshikia kisu ni fundi au ni mpwa wa mtu.

USIKU WA MOTO

Mwaka 1820 Wakley alioa binti wa mfanyabiashara tajiri, akafungua nyumba ya tiba katika mtaa wa Argyll, London. Ilionekana kwamba atakuwa daktari wa watu wenye nafasi, na maisha yatampita kwa raha.

Usiku mmoja wa mwezi Agosti mwaka huo huo, watu wasiojulikana waligonga mlango, wakampiga, wakamjeruhi kwa kisu na kuichoma moto nyumba. Alipopata fahamu nyumba ilikuwa ikiwaka. Chanzo chake, kama ilivyosadikiwa, ni uvumi. Mwezi wa Mei watu watano walikuwa wamenyongwa hadharani kwa njama ya kuwaua mawaziri, na baada ya kunyongwa vichwa vyao vilikatwa na mtu aliyejifunika uso. Mtu huyo alikata kwa ustadi, basi ikavumishwa kwamba ni daktari, na jina la Wakley likatajwa. Haikuwa kweli.

Juu ya hayo, kampuni ya bima ilikataa kumlipa, ikidai kwamba aliichoma nyumba yake mwenyewe. Alikwenda mahakamani akashinda, lakini wagonjwa walikwisha mkimbia. Akiwa na umri wa miaka 26 alikuwa amejifunza kwamba jina la mtu huharibiwa kwa maneno ya gizani, na kwamba dawa yake ni kuyatoa mambo mbele ya watu.

GAZETI

Tarehe 5 Oktoba, 1823, alitoa toleo la kwanza la gazeti la kila wiki aliloliita The Lancet, yaani kile kijisu cha daktari cha kutumbulia majipu. Jina lilisema kazi yake.

Alianza kwa kuchapa mihadhara ya wapasuaji wakubwa, ambayo wanafunzi waliilipia fedha nyingi, akaiuza kwa bei ya gazeti. Sir Astley Cooper, mpasuaji aliyekuwa na jina kuliko wote London, alipogundua nani anayemchapa, alikubali mihadhara iendelee. Mwenzake John Abernethy alikwenda mahakamani kumzuia. Baadaye Wakley alianza kuchapa pia habari za upasuaji uliofanywa hospitalini: nani alipasua, alitumia muda gani, na mgonjwa alipona au alikufa. Hapo ndipo wakubwa walipoona kwamba gazeti hili si la mchezo. Alifukuzwa wodini, lakini wanafunzi waliendelea kumletea habari.

Kesi iliyotikisa zaidi ilitokea mwaka 1828. Mtu mmoja wa kazi za mikono, mwenye umri wa miaka 53, alikuja hospitali ya Guy kutoka Sussex akiwa na jiwe katika kibofu. Wakati huo hapakuwa na dawa ya usingizi. Mgonjwa alifungwa kamba juu ya meza, na mpasuaji hodari alimaliza kazi hiyo katika dakika chache. Aliyemshika mgonjwa huyu alikuwa Bransby Cooper, mtoto wa ndugu yake Sir Astley. Upasuaji ulichukua karibu saa nzima, mbele ya wanafunzi waliojaa ukumbini, huku mgonjwa akiomba aachwe. Kesho yake alikufa.

The Lancet lilichapa habari hiyo yote, na likasema waziwazi kwamba mpasuaji alipewa nafasi ile kwa sababu ya ujomba. Bransby Cooper alifungua kesi ya kukashifiwa, akidai pauni 2,000. Wakley alijitetea mwenyewe. Mahakama ilimpa Cooper ushindi, lakini fidia ikawa pauni 100 tu, na wananchi wakamchangia Wakley gharama zake. Kila mtu alielewa maana ya hukumu ile: kisheria Wakley alishindwa, ila aliyoyasema watu waliyaamini.

VURUGU YA LESENI

Hata hivyo Wakley aliona kwamba kumwumbua mmoja mmoja hakutoshi. Ubovu ulikuwa katika mpango wenyewe.

Uingereza, Scotland na Ireland zilikuwa na karibu vyombo ishirini vilivyoweza kutoa ruhusa ya kutibu, kila kimoja kwa masharti yake. Palikuwa na vyuo vya matabibu, vyuo vya wapasuaji, chama cha wauza dawa na vyuo vikuu. Hata Askofu Mkuu wa Canterbury alikuwa na haki ya kutoa shahada ya udaktari. Vyuo vikuu fulani vya Scotland viliwahi kuwapa shahada watu wasiofika hata darasani. Mtu aliyefuzu vizuri Edinburgh aliweza kuzuiwa kutibu London, na papo hapo mtu asiyesoma kabisa akafungua duka na kuandika mlangoni kwamba ni daktari. Hapakuwa na orodha moja ya taifa ambayo mwananchi angeweza kuifungua akatazama jina.

Wakley alitaka mambo matatu: mtihani mmoja kwa kila anayetaka kuwa daktari, daftari moja la taifa lenye majina ya waliofaulu, na baraza lenye uwezo wa kulifuta jina la mwovu. Mwaka 1831 alijaribu pamoja na wenzake kuanzisha chuo kipya cha tiba London, kisicho na tabaka, lakini hakikupata hati ya serikali kikafa. Mwaka huo huo aliingia katika mkutano wa Chuo cha Wapasuaji kulalamika, akatolewa nje kwa nguvu na askari.

BUNGENI

Basi akaamua kwenda kunakotungwa sheria. Baada ya kushindwa mara mbili, alichaguliwa mwaka 1835 kuwa Mbunge wa Finsbury, London, akakaa Bungeni hadi 1852.

Hotuba yake iliyomjulisha kwa umma haikuhusu tiba. Ilihusu vibarua sita wa mashamba wa kijiji cha Tolpuddle, waliohukumiwa mwaka 1834 kupelekwa Australia miaka saba kwa kula kiapo cha chama chao cha wafanyakazi. Wakley aliwatetea kwa hotuba ndefu, na mwaka 1836 walisamehewa. Mwaka huo huo alifanikisha sheria ya kuwalipa madaktari wanaoitwa kutoa ushahidi katika uchunguzi wa vifo. Lilikuwa jambo dogo, lakini kabla yake daktari aliitwa bure, na mara nyingi ushahidi wa kitaalamu haukutafutwa kabisa.

Kuhusu daftari la madaktari, miswada ilikuja na kuanguka mmoja baada ya mwingine. Vyuo vikongwe vililinda ada na heshima zao. Wabunge wengine waliona kwamba mwananchi ana haki ya kumwendea mganga amtakaye, na serikali isiingilie. Hoja hii haikuwa ya kipumbavu, na hata leo inasikika. Wakley alijibu kwamba haki ya kuchagua haina maana kwa mtu asiye na njia ya kujua anachagua nini.

AFISA WA UCHUNGUZI WA VIFO

Mwaka 1839 Wakley alichaguliwa kuwa afisa wa kuchunguza vifo vya mashaka katika Middlesex ya Magharibi. Kazi hiyo ilizoeleka kufanywa na wanasheria, lakini yeye alishikilia kwamba anayetafuta sababu ya kifo sharti aujue mwili.

Mwaka 1846 ililetwa mbele yake maiti ya askari mmoja wa farasi wa kambi ya Hounslow, Frederick John White. Askari huyu alikuwa amechapwa mijeledi 150, na alikufa wiki chache baadaye. Madaktari wa jeshi walisema kwamba kifo na mijeledi havihusiani. Wakley hakuridhika. Aliamuru mwili uchunguzwe upya na mtaalamu wa nje ya jeshi, Erasmus Wilson, na jopo la wananchi likaamua kwamba mijeledi ndiyo iliyomwua. Nchi nzima ilichukizwa, na mwaka huo huo idadi ya mijeledi jeshini ikapunguzwa isizidi 50. Mwaka 1881 adhabu hiyo ilifutwa.

Wasomaji waangalie jambo hili. Madaktari wale wa jeshi walikuwa na vyeti vyote. Walichokosa ni mtu wa nje wa kuwauliza.

Moyo huo huo ulimfanya katika miaka ya 1850 amtume Dk. Arthur Hill Hassall anunue vyakula madukani London na kuvipima kwa hadubini. Walikuta kahawa iliyochanganywa na mizizi mingine, mkate uliotiwa shabu, na pipi za watoto zilizopakwa rangi zenye risasi. Gazeti lilichapa majina na mitaa ya wenye maduka, wema na wabaya. Sheria ya kwanza ya jumla dhidi ya uchafuzi wa vyakula ilipitishwa mwaka 1860.

SHERIA YA 1858

Hatimaye, tarehe 2 Agosti, 1858, sheria ya madaktari ilipita. Wakati huo Wakley hakuwa tena Mbunge, na mswada ulipelekwa na mwingine, William Cowper. Sheria ilianzisha baraza la taifa la kusimamia elimu na usajili wa madaktari, na daftari lililochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1859. Ambaye jina lake halimo hakuweza kushika kazi ya udaktari serikalini, wala kudai ada yake mahakamani, na akijisingizia kwamba amesajiliwa ni kosa.

Wakley hakupata yote aliyoyadai. Vyombo vile vya zamani viliendelea kutahini kila kimoja kivyake. Asiyesajiliwa hakukatazwa kutibu, ila kujidai kwamba amesajiliwa. Mpaka mwaka 1886 ndipo sheria ilipomlazimisha kila daktari kufaulu katika tiba, upasuaji na ukunga kwa pamoja. Tena baraza lenyewe lilikuwa la madaktari watupu, na mjumbe wa kwanza asiye daktari aliingia mwaka 1926.

Daftari pia liligeuka kuwa ukuta. Mwaka 1859 lilikuwa na mwanamke mmoja tu, Elizabeth Blackwell, aliyesomea Marekani. Elizabeth Garrett aliingia kwa kupitia chama cha wauza dawa, ambacho kanuni zake hazikutaja wanawake, na mara chama kikabadilisha kanuni ili wengine wasimfuate. Ilibidi itungwe sheria nyingine, mwaka 1876, kuruhusu vyuo kuwatahini wanawake. Mlango unaomzuia mwongo huweza kumzuia pia mstahiki, ikiwa wenye funguo hawaulizwi.

MWISHO WAKE

Wakley mwenyewe hakuwa malaika. Kalamu yake ilikuwa na sumu. Aliwapa watu majina ya kuwafedhehesha, na wengine hawakustahili. Alishtakiwa mara nyingi. Mwaka 1838 alipotaka kuonyesha kwamba tiba ya kuduwaza wagonjwa kwa mikono na vipande vya madini ni udanganyifu, aliwajaribu nyumbani kwake wasichana wawili wagonjwa kwa kubadilisha madini kwa siri. Alithibitisha alichotaka, ila John Elliotson, daktari mwenye akili nyingi na aliyekuwa rafiki yake, alipoteza kazi katika mkasa huo.

Miaka ya mwisho alishikwa na kifua kikuu. Alikwenda kisiwa cha Madeira kutafuta hewa nzuri, akafia huko tarehe 16 Mei, 1862, akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa Kensal Green, London. Gazeti lake linachapwa hadi leo, na baraza lile lipo bado.

YANAYOTUHUSU SISI

Sheria za kusajili madaktari ziliingia kwetu wakati wa utawala wa Waingereza, kwa mtindo ule ule wa baraza na daftari. Baada ya Uhuru tulizichukua zikawa zetu, na mwaka 2017 Bunge letu lilipitisha sheria mpya inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalotunza daftari la madaktari.

Na kila kazi mpya ya tiba inapozaliwa, maswali ya Wakley huzaliwa nayo. Siku hizi wapo wataalamu ambao kazi yao ni kuwashauri watu juu ya magonjwa ya kurithi: kumweleza mchumba, au mama mwenye mtoto wa selimundu, damu ya ukoo wao inasema nini, na mtoto ajaye ana hatari kiasi gani. Nchini Marekani jimbo la Utah lilianza kuwapa leseni mwaka 2002, na majimbo mengine mengi yakafuata. Huko pia wapo waliouliza kama leseni inamlinda mgonjwa au inawalinda wenye kazi dhidi ya washindani. Ni swali la haki. Lakini mshauri wa namna hii hashiki kisu. Anashika maneno, na kwa maneno yake mtu huoa au haoi, huzaa au hazai. Akikosea, jeraha halionekani, na mwenye kuumia huenda asijue kamwe kwamba aliumizwa. Nchi yetu ina watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Siku kazi hiyo itakapoenea kwetu, tuwe tumekwisha jiuliza nani ataandikwa, nani ataandika, na nani atamwuliza mwandikaji.

Mimi kazi yangu serikalini ni ya majalada na madaftari. Wenzangu wa darasa waliokuwa wahandisi na madaktari hunitania kila tukutanapo kwamba nilisoma chuo kikuu ili nipige mihuri, nami hucheka nao. Lakini kila ninapoliona jina la mtu katika daftari humkumbuka marehemu baba, amesimama njiani na swali lake, akitazama alama za tairi za baiskeli. Daftari lililotunzwa vizuri lingempa mahali pa kwenda.

Basi, vijana wetu mtakaoingia katika udaktari, siku mtakapoandikwa msidhani kwamba mmepewa cheo. Mmekubali kuulizwa. Na ninyi mtakaokuja kukaa ofisini kama mimi, msilidharau daftari, wala msimwandike mtu humo kwa sababu mjomba wake amepiga simu.